Kiputo kinachopotea mchana ndani ya safaya: ni chupa, ni maji, au ni gesi ya vilindini?

Swali: "Habari mtaalamu. Mimi ni broka mdogo wa mawe ya vito hapa Arusha. Nimenunua safaya moja ya Tunduru, rafu (haijakatwa), buluu mpauko, gramu 2.4. Kwa lupu (kioo cha kukuzia) nimeona ndani yake kitundu kirefu chenye kiputo kinachotembea ukiligeuza jiwe. Ajabu ni kwamba asubuhi kiputo kipo, mchana hakipo, na nikilifumbata jiwe kiganjani dakika chache kinapotea kabisa. Mwenzangu mmoja anasema hiyo ni chupa, yaani kioo, au jiwe la kiwandani, kwa sababu jiwe la Mungu halina povu. Mwingine anasema ni maji ya mto yameingia, nilichome yatoke na rangi ikolee. Wa tatu anasema hiyo ni gesi ya chini kabisa ya dunia, na kwa sababu hiyo jiwe lina bei. Nimsikilize nani? Na nikilichoma litapasuka?"

Ndugu yangu, kwanza kabisa liweke jiwe mbali na moto mpaka umalize kusoma. Mengine yote uliyouliza yanaweza kurekebishwa baadaye, lakini kuchoma hakuna kurudi nyuma.

Umeeleza dalili vizuri, na zinatosha kutoa jibu lililo karibu na uhakika. Kilichomo ndani ya kitundu hicho ni hewa ukaa, yaani kaboni dayoksaidi, ileile tunayoitoa puani, ila imebanwa kwa presha kubwa hadi sehemu yake imekuwa kimiminiko. Unachokiita kiputo ni sehemu iliyobaki kuwa gesi. Kilichoifichua ni hilo joto la kiganja: katika vitu vinavyonaswa mara nyingi ndani ya mawe, hakuna kingine kinachopoteza kiputo chake kwa joto dogo namna hiyo. Kwa hiyo mwenzako wa kwanza amekosea, wa pili amekosea na ushauri wake ni wa hatari, na wa tatu ameshika nusu ya kweli. Hiyo nusu aliyoikosa ndiyo itakayonichukua maneno mengi.

Umeuona mtungi wa kuzimia moto wa hewa ukaa, ule wenye pembe nyeusi mdomoni? Ndani yake kuna kimiminiko chini na gesi juu. Kwa nyuzi 20 za Selsiasi presha humo ni bari 57, wakati tairi la gari dogo lina bari 2 na ushee. Kitundu cha jiwe lako ni mtungi wa aina hiyohiyo, isipokuwa ukuta wake ni korandamu, yaani madini ya safaya yenyewe, badala ya chuma. Sasa, kimiminiko cha hewa ukaa kina tabia ya kutanuka kupita kiasi kinapopata joto. Lita moja kwa nyuzi 0 ina gramu 927. Kwa nyuzi 25 lita hiyohiyo ina gramu 711 tu. Jiwe likipata joto, kimiminiko kinavimba, kinakula nafasi ya kiputo, na kiputo kinasinyaa mpaka kinatoweka. Gesi haijatoka popote. Imemezwa na kimiminiko, na jiwe likipoa itarudi. Kisha ipo nyuzi 31.1, ambapo tofauti yenyewe kati ya kimiminiko na gesi ya hewa ukaa hufutika, hata uibane namna gani. Ndiyo maana hakuna kitundu cha hewa ukaa safi ambacho kiputo chake huvuka nyuzi 31.1. Mkono wako unavuka.

Wewe si wa kwanza kushangaa. Mskoti David Brewster alivieleza vimiminiko hivi vinavyotanuka ajabu ndani ya fuwele tangu miaka ya 1820, na watu wakabishana hadi mwaka 1869 Vogelsang na Geissler walipothibitisha kwa spektra, yaani mwanga uliotenganishwa rangi zake, kwamba ni hewa ukaa.

Tuyaondoe maji. Maji nayo hunaswa ndani ya mawe, tena mara nyingi, na huwa na kiputo. Ila maji hutanuka kidogo mno: kutoka nyuzi 0 hadi 25 hayafikishi hata nusu ya asilimia moja. Kiputo cha ndani ya maji utakifumbata kutwa nzima na kitabaki palepale. Kwa kawaida huhitaji zaidi ya nyuzi 100, mara nyingi 200 au 300, ndipo kipotee. Na maji ya mto hayaingii ndani ya fuwele iliyofungwa. Yanapenya kwenye ufa ulio wazi hadi usoni, na ufa huo utaujua kwa kutu ya rangi ya kahawia iliyoganda ndani yake. Tena maji ya ufa hukauka ukiacha jiwe juani. Hayachezi na kiputo ndani ya chumba chenye kuta nyofu.

Kuhusu chupa na jiwe la kiwandani, hapa mwenzako ameichukua kanuni ya kweli akaitumia pasipo mahali pake. Ni kweli kioo kina viputo, na korandamu ya kuyeyushwa kwa moto, inayotengenezwa kwa njia ya Verneuil tangu mwanzoni mwa karne iliyopita, nayo huwa navyo. Lakini viputo vile vimeganda ndani ya kitu chenyewe. Ni vya mviringo au virefu kama yai, havitembei ukigeuza jiwe, na joto la mkono haliviathiri. Kwenye korandamu ya Verneuil utaona pia mistari ya rangi iliyopinda kama mifereji ya santuri, na kwenye kioo mikoroganyo kama sharubati ambayo haijakolea. Chako kiko ndani ya kitundu, na kitundu hicho, ukikitazama vizuri, pengine kina kuta zilizonyooka na pembe kali. Wataalamu wanalijua umbo hilo: tundu limechukua sura ya fuwele yenyewe, kana kwamba mtu ametoa safaya ndogo ndani ya safaya kubwa akaacha nafasi yake. Kingo zake ni nyeusi kwa sababu mwanga unapinda vikali unapotoka kwenye korandamu, ambayo kipimo chake cha kupinda mwanga ni 1.76 hadi 1.77, kuingia kwenye hewa ukaa ambayo haifiki hata 1.3. Hata hivyo, usiache kuhakikisha jiwe zima ni korandamu kwa rifraktomita (kifaa cha kupima jinsi jiwe linavyopinda mwanga), maana kiputo hakiwezi kuchukua nafasi ya kipimo hicho.

Unaweza kupima mwenyewe nyumbani, na ningependa ufanye hivyo kabla ya kulipa mtu. Tafuta kisahani cha kioo chenye kina kifupi, maji safi, lupu ya mara 10, tochi ya LED na kipimajoto cha jikoni au cha maabara. Kipimajoto cha kupimia homa hakifai: vingi huanza kusoma nyuzi 32 au zaidi, na wewe mambo yako yote yako chini ya hapo. Mwanga wa taa ya halojeni pia haufai, kwa sababu hulipasha jiwe moto huku unalitazama, na kiputo kinakimbia kabla hujaandika namba. Ngozi ya rafu ikikuzuia kuona, sugua uso mmoja mdogo, au lizamishe jiwe kwenye gliserini au mafuta ya watoto badala ya maji. Kimiminiko kizidi jiwe kwa milimita chache tu, kwani lupu ya mara 10 huona kwa umbali wa sentimita 2.5 hivi.

Anza na maji ya nyuzi 15. Acha jiwe humo dakika tano hadi kumi, ili joto lake lilingane na la maji. Tazama ukubwa wa kiputo. Kisha ongeza maji ya uvuguvugu kidogo kidogo, ukikoroga taratibu, joto lipande kama nyuzi moja kwa kila dakika moja au mbili. Utaona kiputo kikisinyaa, mwisho kinatetemeka kama nukta, halafu hakipo. Andika joto hilo. Rudia mara tatu, na ikiwa majibu yanatofautiana kwa zaidi ya nyuzi moja, ulikuwa na haraka.

Kosa linalofanywa na wengi ni kusoma wakati wa kupoza. Kiputo hakirudi kwa joto lilelile kilipopotelea. Kimiminiko kilichojaa tundu huwa kizito kuanza kuchemka, hivyo utashuka nyuzi kadhaa chini ndipo kiputo kiruke ghafla, wakati mwingine kama viputo vingi vidogo vinavyoungana. Namba ya kuaminika ni ile ya kupanda.

Namba hiyo inakupa densiti ya hewa ukaa yako, yaani uzito wake kwa ujazo. Kiputo kikipotea kwa nyuzi 30, kila sentimita moja ya ujazo ina gramu 0.59. Kwa nyuzi 25 ni 0.71, kwa nyuzi 20 ni 0.77, kwa nyuzi 10 ni 0.86, na kwa nyuzi 0 ni 0.93. Kwa kuwa chako kipo asubuhi ya Arusha na hakipo mchana, nakisia utapata nyuzi 24 hivi, yaani densiti ya 0.72 au karibu na hapo. Kuna njia ya kujihakiki: kwa densiti hiyo, katika nyuzi 15 kiputo kinachukua kama asilimia 15 ya kitundu, na kwenye maji yenye barafu kinakua hadi robo. Ukiona kiputo kinakua badala ya kusinyaa unapopasha, kinajaza tundu lote kisha ukuta wake unafifia, basi densiti iko chini ya 0.47 na hayo maelezo ya namba hayakuhusu. Na ukiona duara ndani ya duara, kiputo ndani ya kimiminiko na hicho kimo ndani ya kimiminiko kingine kilichoshika kuta, kuna maji kidogo pamoja na hewa ukaa.

Sasa kwa rafiki yako wa tatu.

Miamba ya mashariki ya Tanzania, kuanzia Pare na Usambara hadi Uluguru na kushuka kusini, ni sehemu ya Ukanda wa Msumbiji. Takriban miaka milioni 640 hadi 620 iliyopita miamba hii ilizamishwa na kupikwa kwenye ganda la chini la dunia, kwa joto la nyuzi 800 hivi na presha ya kilobari 9 hadi 12. Kila kilobari ni kama kilomita 3.5 za mwamba juu ya kichwa, kwa hiyo tunazungumzia kina cha kilomita 30 hadi 40. Mwamba uliopikwa kiasi hicho huitwa granulaiti. Ni mwamba mkavu: madini yaliyokuwa na maji ndani yake, kama ulanga mweusi, yamevunjika na kugeuka madini yasiyo na maji. Na granulaiti nyingi duniani, ukizikata nyembamba na kuziweka chini ya hadubini, zimejaa vitundu vya hewa ukaa, si maji. Mwanajiolojia Jacques Touret aliliona hilo kusini mwa Norwe mwaka 1971, na likageuza fikra za watu. Kwetu, granulaiti za Furua, kusini mwa Tanzania, zilichunguzwa mwanzoni mwa miaka ya 1980: densiti ya hewa ukaa ilipimwa na presha yake ikalinganishwa na ile inayosomwa kwenye madini ya mwamba wenyewe.

Kwa nini densiti inasema presha? Kwa sababu kitundu kilichofungwa hakiongezi wala hakipunguzi kilichomo. Ukijua kuna gramu ngapi katika ujazo gani, na ukijua mwamba ulikuwa na joto gani ulipokifunga, unahesabu presha ya siku ile. Ni mantiki nzuri sana, ila inadai sharti moja: chombo kiwe hakijavuja wala kutanuka tangu siku hiyo.

Tuhesabu kwa jiwe lako. Hewa ukaa ya densiti 0.72 kwa nyuzi 700 inatoa presha ya kilobari 2 hivi, yaani kilomita 7. Hiyo si 30. Ili kufikia hata kilobari 6 au 7 kwa nyuzi 800, densiti inapaswa kuwa 1.1, na hewa ukaa nzito kiasi hicho haionyeshi kiputo mpaka uipoze chini sana ya sifuri, karibu na nyuzi 40 chini. Kwenye meza yako, na hata kwenye friji, kitundu cha namna hiyo kinaonekana kitupu, cheusi, kisicho na chochote kinachotembea. Kwa maneno mengine, gesi iliyobaki na presha ya vilindini ndiyo isiyoonyesha kiputo, na kiputo unachokiona kirahisi ni dalili kwamba gesi hiyo ama ilinaswa juu zaidi, ama ilipungua njiani.

Kupungua njiani ndiko kunakotokea mara nyingi. Mwamba ukipanda kutoka kilomita 30 huku bado una joto, mgandamizo wa nje unashuka haraka kuliko presha ya ndani ya kitundu. Kuta zinavutwa. Kitundu kinatanuka kidogo, au kinapasuka, kinatoa sehemu ya gesi kupitia nyufa nyembamba, kisha joto linaziponya nyufa hizo na kuzifunga tena. Utaona alama yake: tandazo la vitundu vidogo sana vilivyopangwa kwenye bapa lililopinda, mfano wa alama ya kidole. Hiyo ni kovu la ufa uliopona, na gesi iliyomo ni ya siku ya kupona kwake, wala si ya kuzaliwa kwa fuwele. Kwatzi huvuja upesi sana. Ganeti na korandamu ni magumu zaidi, ila hayana kinga kamili. Kitundu kikubwa huvunjika kabla ya kidogo, na cha pembe kali kabla ya cha mviringo.

Lipo pia suala la gesi yenyewe kutoka wapi, na hapa wanajiolojia wamebishana vikali. Mwaka 1980 mwanajiolojia Robert Newton na wenzake walipendekeza kwamba hewa ukaa ilipanda kwa wingi kutoka chini ya ganda la dunia, ikafagia maji yote kwenye mwamba na hivyo ikatengeneza granulaiti. Mfano waliopenda kuonyesha watu ni Kabbaldurga, kusini mwa India, ambako mwamba mweusi mkavu unaonekana kama mabaka na mishipa ndani ya mwamba wa kijivu uitwao naisi. Miaka minne baadaye Lamb na Valley wakajibu kwamba madini ya baadhi ya granulaiti yanakataa kabisa kuwepo kwa hewa ukaa nyingi wakati wa kupikwa. Kama ingekuwepo, kinywe (grafiti) kingetengenezwa, na hakipo. Kwa maoni yangu, hakuna haja ya mafuriko ya gesi kutoka chini ili kueleza vitundu vingi tunavyoviona. Mwamba ukianza kuyeyuka, maji huzama ndani ya uji huo na kuondoka nao, kwa sababu uji wa mwamba unapenda maji na hauipendi hewa ukaa. Kinachobaki ni mabaki ya hewa ukaa. Ongeza marumaru, ambayo ikipikwa pamoja na kwatzi hutoa hewa ukaa papo hapo, na kinywe, ambacho kinaweza kuungua taratibu kwa oksijeni ya madini jirani. Ukanda wa Msumbiji una vyote viwili kwa wingi. Mahenge peke yake ina marumaru yenye spineli na kinywe cha kuchimbwa.

Kwa hiyo mwambie rafiki yako hivi: ni gesi ya mwamba uliopikwa ardhini, ndiyo, lakini kiputo si cheti cha kina. Wala si cheti cha Tunduru. Safaya za Sri Lanka zina vitundu vilevile vya hewa ukaa, na hilo si ajabu, kwani Sri Lanka na Afrika Mashariki zilikuwa ndani ya ukanda mmoja wa milima kabla mabara hayajaachana. Tena mawe ya Tunduru huokotwa kwenye kokoto za mito, yakiwa yameshaachana na mwamba mama. Usimwahidi mnunuzi chimbuko kwa kumwonyesha kiputo.

Unachoweza kumwambia, na hapa ndipo penye bei, ni kwamba jiwe halijachomwa kwa moto mkali. Kitundu kikubwa chenye hewa ukaa hai, chenye kiputo kinachokuja na kuondoka, hakitarajiwi kupona kwenye tanuri la safaya. Hesabu yake ni hii. Baada ya kiputo kupotea, kimiminiko hakina tena pa kutanukia, na kila nyuzi moja ya joto inaongeza karibu bari 3. Kwa nyuzi 600 tayari umepita bari 1,500. Kwa nyuzi 1,000 ni kilobari 2 hadi 3, na kwa joto la kukolezea buluu unaelekea kilobari 4. Vitundu vidogo mno, vya elfu chache za milimita, huenda vikavumilia. Chako kinaonekana kwa lupu ya mara 10 hadi umeona kiputo ndani, basi urefu wake ni sehemu za kumi za milimita. Kitapasuka. Matokeo ya kawaida ni ufa wa mviringo unaong'aa kama sahani kuzunguka kitundu. Matokeo mabaya ni ufa kufika usoni na jiwe kugawanyika ndani ya tanuri.

Na rangi je? Wachomaji wengi wamezoea tanzanaiti, ambayo hubadilika kwa nyuzi 500 hadi 600. Safaya haijali joto hilo. Buluu yake inatokana na chuma na titani zikiwa jirani ndani ya fuwele, na ili kuikoleza unahitaji nyuzi 1,500 hadi 1,800, kwenye tanuri ambalo hewa yake imepunguzwa oksijeni, na jiwe liwe na titani ya kuyeyusha. Titani hiyo utaitambua kama hariri: ukungu mweupe wa sindano nyembamba zilizopangwa kwa pembe za nyuzi 60. Jiwe lisilo na hariri, lililo wazi lakini mpauko, halina cha kuyeyushwa, na moto mara nyingi haulipi chochote. Kulichoma kwenye tanuri la tanzanaiti ni hasara mara mbili: umevunja kitundu, umepoteza ushahidi wa kutochomwa, na rangi iko vilevile. Kama jiwe lako lina hariri nyingi, limefifia, na kitundu kiko pembeni mahali ambapo fundi anaweza kukikata na kukitupa, basi mjadala unabadilika, na hata hapo kitundu kitolewe kwanza.

Njia ya kati ni kulikata bila kulichoma. Mwonyeshe fundi kitundu kilipo na uchore alama juu ya rafu. Gurudumu likikifungua, gesi itatoka kwa mlio mdogo na pale patabaki shimo linalonasa unga wa kung'arishia. Akikiacha kitundu karibu sana na uso, ukuta mwembamba unaweza kuruka kwa joto la kusugua. Mwombe atumie gundi ya epoksi badala ya nta ya kuyeyusha kwa moto, maji ya kupoza yasikatike, na kitundu kiangukie ama nje ya umbo, ama chini ya mkanda (kiuno cha jiwe) karibu na ukingo, kisije katikati ya meza (uso mpana wa juu) kikajirudia kwenye kila kona ya jiwe. Usiogope gesi yenyewe. Ni sumu ileile ya mazuku, yaani hewa ukaa inayotuama mabondeni, wanayoiogopa watu wa Goma, lakini tundu la sehemu mbili za kumi za milimita lina mikrogramu 3 tu.

Angalizo moja kwa siku utakapopata grini ganeti ya Mirerani au ya upande wa Kenya yenye kiputo. Vitundu vya ganeti hizo vinajulikana kwa haidrojeni salfaidi na salfa, na kiputo chake hakipotei kwa joto la mkono. Hiyo ikifunguka inanuka yai viza. Usiipime kwa kuipasha jikoni.

Kwa jiwe la gramu 2.4, yaani karati 12 za rafu, ningefuata mpangilio huu: pima kiputo mwenyewe, kisha lipeleke Kituo cha Jemolojia Tanzania hapohapo Arusha likathibitishwe kuwa ni korandamu ya asili na litazamwe kwa hadubini nzuri. Likiwa safi vya kutosha kutoa jiwe lililokatwa la karati 4 au 5, ripoti ya maabara kubwa kama GIA, Gübelin au SSEF inaweza kulipa gharama yake. Wao wana mashine ya Raman inayoisoma hewa ukaa bila kuligusa jiwe, kwa mistari miwili karibu na 1285 na 1388 cm⁻¹, na wataangalia pia kama kuna sindano za diaspori (madini yenye maji ndani yake) ndani ya kitundu. Hizo hupoteza maji yake kwa nyuzi 500 na kidogo, kwa hiyo zinaweza kufichua hata moto mdogo ambao kitundu kidogo kingeuvumilia. Ndiyo sababu neno "halijachomwa" waachie wao waliandike. Wewe sema tu kiputo kipo na uonyeshe. Likiwa na nyufa na mawingu, usitumie hela ya maabara. Liuze rafu kwa bei ya rafu.

Na ukienda kumwonyesha mnunuzi Dar es Salaam mwezi wa pili, kumbuka kwamba chumba kisicho na kiyoyozi kule kinafika nyuzi 31 na kuzidi. Kiputo hakitakuwepo, naye atadhani umemdanganya. Beba chupa ya maji baridi.